Kumi za Kumaliza Kabla Kaskazi Haijaingia

Oktoba ikifika, ufuo wa Lamu hugeuka gereji. Kusi imekata pumzi, kaskazi bado haijajitokeza, na upepo wa tanga mbili unavuma asubuhi huku, jioni kule, hauna msimamo. Mashua na majahazi yamekaa juu ya magadi, matumbo wazi, na kila mwenye chombo amekuwa mtaalamu. Muulize amebakisha nini. Atakwambia, "Rangi tu."

Hiyo "rangi tu" ndiyo inayowafanya watu wakumbe maji mwezi Januari katikati ya mkondo wa Manda, huku wageni waliolipa nauli wakiuliza kwa adabu kama hiyo nayo ni sehemu ya matembezi.

Na kaskazi haimngoji mtu. Huanza kunong'ona Novemba, Desemba imekaa, na haitoki mpaka Machi. Zamani ndiyo iliyoyaleta majahazi ya Oman, Kuwait na Bara Hindi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, nayo kusi ikayarudisha kwao kuanzia Aprili. Safari hizo zimebaki hadithi. Tena Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982, mzigo mkubwa wa Lamu ukaishia hapo. Lakini msimu haukuambiwa. Unakuja vilevile, na sasa unakuta jahazi linabeba mchanga, mawe ya Manda, makuti, na watalii, shehena pekee inayopiga picha.

Basi hii hapa orodha. Nimeipanga kinyumenyume: namba kumi inapendwa na kila mtu, namba moja inakimbiwa na kila mtu. Namba ni za uzito, si za ratiba ya kazi. Ukihisi fedha zako zitaishia namba saba, anza kusomea chini.

10. Rangi

Tuanze na mapenzi yako. Najua ulishachagua: buluu ubavuni, mstari mweupe, na nyekundu kidogo tezini ili watu wa Shela wakujue ungali mbali. Najua pia umemwita mchoraji ayatie macho upya, yale maduara mawili ya omo. Hongera. Chombo chenye macho mazuri na mbao zilizoachana kinaona vizuri kinakozama.

Sisemi usipake. Rangi inaukinga ubao na jua, na jua la hapa halina huruma na ubao. Ila ipakwe mwisho, juu ya ubao uliokauka na kupigwa msasa, baada ya fundi kumaliza mishono yote. Ukipaka kwanza unamfichia fundi ugonjwa anaoutafuta. Kuna wenye vyombo wanaofanya hivyo makusudi, hasa kama chombo kinauzwa. Ukienda kununua mashua Novemba ukaikuta inang'aa kuliko zote ufuoni, chukua kisu kidogo uende nacho.

Na wewe unayejiandalia mashindano ya mashua ya Mwaka Mpya: hakuna mashua iliyowahi kushinda kwa rangi. Iliyoshinda ilikuwa na tumbo safi, tanga zuri, na mabaharia waliokuwa tayari kukaa nje ya chombo kuliko ndani.

9. Jikoni

Sanduku la mchanga lina mchanga? Jiko lina miguu yote? Sufuria ya wali haina tundu? Imekwisha, twende. Nahodha akishiba husamehe mambo mengi, na mengine tutayahitaji asamehe.

8. Makaratasi na majaketi

Huku Kenya kuna mamlaka ya bahari, KMA, Unguja na Pemba kuna yao, ZMA, na wote wana hamu ya kukuona kabla hujapakia abiria. Leseni, ukaguzi, idadi ya watu unaoruhusiwa kuwabeba. Idadi hiyo, kwa taarifa yako, inahesabu watu. Haihesabu "hawa ni watoto tu" wala "huyu ni mke wa baharia."

Majaketi ya kuokolea maisha yatoe kwenye mfuko wa plastiki. Yatoe leo. Yamekaa humo tangu siku yaliponunuliwa, yamefungwa kwa kamba, yamewekwa chini ya magunia, mahali ambapo mtu angeyafikia vizuri kama chombo kingezama polepole kwa wiki nzima. Vuta kila mkanda, funga kila kifungo. Ukikuta yote ni ya watu wazima, tafuta ya watoto, maana mtoto akivaa la baba yake hutelezea chini likaelea peke yake.

7. Mashine

Nahodha wa kale akiliona jahazi la leo atauliza lile dude la tezini ni la nini. Jibu: ni la kurudi nyumbani upepo ukikataa, na la kugombana nalo upepo ukikubali.

Mashine imelala miezi ya kusi. Mafuta yaliyobaki tangini yameshakuwa uji. Yamwage, tia mapya. Fungua plagi uzisafishe. Iendeshe majini, maji yatoke nyuma kwa nguvu. Yakitoka kama machozi, njia za kupozea zimeziba kwa chumvi. Kisha weka plagi za akiba kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mahali ambapo wewe na baharia wako mnapajua. Isiwe wewe tu. Siku itakapohitajika, wewe ndiye utakayekuwa unatapika.

6. Tanga

Kuna mwenye tanga, na kuna mwenye kumbukumbu ya tanga. Utajijua uko kundi gani hivi: litandaze mchangani saa sita mchana, waite watoto wawili walinyanyue upande mmoja, nawe ulale chini yake utazame juu. Ukiona nyota mchana, una kazi.

Usitazame vitundu peke yake. Tia ukucha chini ya mshono, hasa pembezoni ambako kamba ya ukingo imeshonewa, uvute. Uzi mzima utakuumiza ukucha. Uzi uliokufa utakatika bila kelele, na ukikatika mkononi mwako mchangani, shukuru. Ulikuwa umepanga kukatika mbele ya Kiwayuu. Pembe tatu zinazobeba nguvu, ile ya joshi, ile ya demani na ile ya juu ya foromali, ule mti unaobeba tanga, zishonewe kiraka cha pili hata kama cha kwanza hakijachoka.

Kitambaa ni shauri la mfuko wako. Mababu walisafiri kwa mikeka: mtepe, chombo cha Wabajuni kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, kilipandisha tanga la kusukwa kwa miaa. Kisha ikaja merikani. Baada ya Sayyid Said kutia sahihi mkataba na Marekani mwaka 1833, pamba iliyofumwa Massachusetts ilianza kumiminika Unguja, na ikasambaa pwani yote na bara, kama nguo, kama fedha, na kama tanga. Leo kuna turubai zito la pamba, na kuna vitambaa vya plastiki vya kila namna. Pamba inakunywa maji na kuota ukungu. Plastiki haioti chochote, ila jua likiipiga miezi michache inaanza kupukutika kama makombo ya mkate. Chagua adui unayemjua.

Ukilihifadhi, lioshe kwanza kwa maji baridi ya kisima. Chumvi iliyobaki kwenye kitambaa huvuta unyevu usiku kucha, hata ghalani. Na usilikunje likiwa bichi kisha ukashangaa Oktoba limekuwa na madoa meusi. Hayo si mapambo ya kale, ingawa kuna mgeni atakayetaka kulinunua kwa sababu hiyo hiyo. Akitokea, muuzie. Ndiyo njia pekee ya tanga bovu kukuletea faida.

5. Kamba, makapi na foromali

Foromali ni refu sana, mara nyingi kushinda chombo chenyewe, na aghalabu ni miti miwili au zaidi iliyounganishwa kwa kamba. Maana yake ni kwamba jambo zito kuliko yote yaliyo juu ya kichwa chako limeshikwa na mafundo aliyofunga mtu mwaka jana akiwa na haraka ya kwenda kula. Lishushe. Fungua viungo vyote. Tazama mti ulivyo chini ya kamba, maana hapo ndipo maji ya mvua hukaa na mti huoza ukiwa umevaa nguo. Kisha funga upya, kamba ikazwe.

Henza, kamba ya kupandishia foromali, nayo ifungue nyuzi zake kidogo kwa vidole uchungulie ndani. Kamba ya nailoni ikiwa na unga ndani imekwisha, hata kama nje inapendeza. Iliyochoka sehemu moja tu igeuze ncha kwa ncha, upate msimu mwingine. Kamba ya nazi ina heshima zake na historia zake. Kama unayo, iweke kwa kufungia mbuzi.

Makapi yapake shahamu. Kapi linalolia linakuomba mafuta. Lililonyamaza ghafla limeshakata tamaa, na foromali likishuka bila ruhusa halimchagui mtu, ila kwa desturi humwendea aliyejipatia mahali pazuri pa kukaa.

4. Nanga

Kuna mambo mawili tu. Makucha manne yawe manne. Na ile ncha ya pili ya amari ifungwe chomboni. Usicheke. Kila bandari ya pwani hii ina nanga iliyorushwa kwa mbwembwe, watu wakapiga makofi, na kamba yote ikaifuata.

3. Moto

Wenzetu wa Ulaya huzitoa yoti zao majini kabla ya baridi, kwa kreni, wakazifunika, wakazirudisha majira ya kuchipua zikiwa zimeoshwa kwa mashine ya maji na kupakwa rangi ya shaba tumboni. Sisi kreni yetu ni mwezi. Ukiandama au ukipevuka, bamvua hufuata, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwa bahati nzuri ya pwani hii maji ya bamvua hukupwa karibu saa nne asubuhi. Chombo kinaletwa na maji ya usiku, kinaachwa juu ya mchanga, kinatiwa magadi, na fundi anapata mchana mweupe wa kufanyia kazi. Hatulipi hata senti. Ila mwezi nao hauna namba ya simu ya kuomba uchelewe.

Kwanza kukwangua: mwani, na vile vikombe vigumu vinavyochana viganja. Kazi hii kila mtu huwaachia vijana, na vijana huachia katikati, pale chini karibu na mkuku ambapo lazima ulale kifudifudi kwenye tope. Nenda ukapapase mwenyewe.

Kisha makuti. Yale makavu kabisa, yaliyofungwa kitita juu ya mti mrefu, yanawashwa na kupitishwa chini ya tumbo la chombo ubao kwa ubao. Moto unatembea. Ukisimama, umepika jahazi, ukikimbia, umelitekenya. Fundi anayejua utauona mkono wake ukienda kwa mwendo mmoja tu, na nyuma yake ubao unabaki umekauka na kuiva rangi ya kahawia. Unasikia vitu vidogo vikipasuka ndani ya ubao. Hivyo ndivyo ulivyokuja kuviua.

Mdudu anayetoboa mbao za vyombo si funza, japo ana sura hiyo. Ni jamaa wa chaza na kombe. Huingia akiwa mdogo kwa kitundu cha sindano, akanenepa humo humo huku anakula, na kwa nje ubao unabaki mzima kama siku uliponunuliwa. Unaweza kupaka rangi juu yake kwa furaha kubwa. Mwaka 1503 Christopher Columbus alilazimika kuzipandisha ufuoni Jamaika meli zake mbili za mwisho kwa kuwa mdudu huyu alikuwa amezila mpaka hazifai, akakaa huko mwaka mzima akingoja kuokolewa. Bara lote alilipata. Kitita cha makuti hakukipata.

Tumbo likishaiva linapakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, nyeupe, nzito, isiyopendwa na mtu yeyote aliyevaa nguo za Ijumaa. Inapakwa kwa kitambaa au kwa kiganja. Mataifa makubwa yalitumia miaka mingi kupaka meli zao rangi yenye madini ya bati iliyoua kila kitu bandarini, mpaka mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ukaanza kazi mwaka 2008. Shahamu na chokaa haijawahi kuitiwa mkutano. Kasoro yake ni kwamba haidumu; itakubidi kurudia kabla msimu haujaisha, na hapo ndipo wengi hupatwa na udhuru.

2. Kalafati

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo fedha zinapobishaniwa.

Mbao za chombo hazikugandana. Kati ya ubao na ubao kuna mwanya, na katika mwanya huo kuna pamba, na hiyo pamba ndiyo iliyosimama kati yako na Bahari ya Hindi. Kila kitu kingine ulicholipia kipo juu yake.

Fundi huanza kwa kuitoa ya zamani kwa kijichuma kilichopinda. Inatoka nyeusi, imelowa, inanuka papa mzee. Mahali inapotoka kirahisi mno ndipo maji yalipokuwa yakipita, na fundi atakuonyesha kwa kidole bila kusema neno, jambo linaloumiza kuliko matusi. Pamba mpya anaisokota pajani ikawa uzi mrefu wa unene wa kidole, akaichovya mafutani. Mafuta yenyewe kwa asili ni sifa, ya maini ya papa. Wengi sasa hutumia ya nazi. Sifa haina adabu ya harufu, na ukikaa nayo siku moja mkeo atakupangia ulale barazani, lakini maji hayaipendi hata kidogo, na hilo ndilo tunalolitaka.

Kisha patasi butu na nyundo ya mti. Haisukumwi moja kwa moja. Inakunjwa kunjo kunjo, kila kunjo likagongewa mahali pake. Simama karibu usikilize. Mshono ukiwa mtupu nyundo inatoa sauti ya mlango wa nyumba isiyo na watu. Ukijaa, sauti inapanda, inakuwa kavu, inakaribia kuimba. Fundi mzuri anaweza kuwa anazungumza nawe habari za mpira na mkono wake ukaacha wenyewe pale sauti inapobadilika. Fundi mbaya anaacha pale pamba inapokwisha.

Mabishano sasa. Nayaandika yalivyo, maana hayabadiliki msimu hata msimu:

"Fundi, pamba yote hii?"

"Pamba yote hiyo, mwanangu."

"Si tufanye upande huu unaovuja tu? Ule mwingine ni mzima."

"Tunaweza. Lakini bahari iko pande zote mbili."

"Mzee wangu, kuna gundi nimeiona dukani, ya kwenye mrija. Unapitisha mara moja tu, imekwisha."

Hapo fundi hunyanyuka, akajipangusa mikono, akaenda kunywa kahawa. Usimfuate. Gundi ya mrija haishiki ubao uliokunywa mafuta miaka yote hiyo, na ubao ukivimba majini inatemwa nje, ikaning'inia kama tambi. Mafundi wanaijua, wameshaitoa sana kwa vidole.

Kuzidisha nako ni kosa. Kuna wenye vyombo wanaosimama nyuma ya fundi wakihimiza: tia, ongeza, gonga, kaza. Mbao zikishakunywa maji zitavimba, na kama mwanya umejazwa mpaka pomoni hazina pa kwenda, zitajisukuma zenyewe mpaka misumari ilegee kwenye mataruma. Umelipa fedha nyingi zaidi ili uvuje zaidi.

Vichwa vya misumari navyo vikaguliwe kimoja kimoja. Ukiona ubao una doa la kutu linalotiririka, msumari wa chini yake umekonda. Utoke, uingie mwingine wenye zinki, umevishwa pamba yenye mafuta shingoni, kwa sababu kila msumari ni tundu uliloliomba mwenyewe. Mwisho mishono yote inazibwa kwa chokaa iliyokandwa kwa mafuta, ndipo ije deheni chini na rangi juu.

Wakati wote huu chombo kifunikwe makuti, au magunia yaliyoloweshwa. Jua la Oktoba likiupiga ubao mtupu wiki nzima, mianya inafunguka kuliko alivyoikuta fundi, na kazi yote aliyoifanya Jumatatu Ijumaa imelegea. Halafu unamlaumu yeye. Mafundi wa Matondoni hapa Lamu, sawa na wenzao wa Nungwi kule Unguja, wamerithi kazi hii mkono kwa mkono, na wanachokosa mara nyingi si ujuzi, ni mteja aliyekuja mapema. Ukimjia wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, ukamkuta na vyombo vinne mbele yako, usimwambie chako ni kidogo. Kila mtu chake ni kidogo.

1. Usiku wa kwanza

Vyaelea vimeundwa, na vilivyoundwa huvuja. Hakuna chombo cha mbao kilichokaa nchi kavu siku nyingi kikaingia majini kikavu. Mbao zimesinyaa, zinahitaji kunywa zivimbe zibanane. Kwa hiyo siku ya kushua si siku ya sherehe, ingawa utapika pilau, maana bila pilau hakuna atakayekuja kuvuta kamba.

Kwanza, kabla hujawaita watu, mimina maji ndani ya chombo kingali juu ya magadi. Ndoo kwa ndoo. Kisha zunguka nje uinamie tumbo utazame yanapotokea. Tundu ulionalo ukiwa umesimama kwenye mchanga linazibika kwa dakika chache na kijipamba; tundu hilo hilo ukiwa njia ya Kizingitini lina bei nyingine.

Pili, chagua maji. Bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Chukua ya alasiri, watu waonane nyuso. Chombo kianze kusukumwa maji yangali yanapanda. Ukingoja yafike kileleni ndipo uanze kutafuta kamba, yatageuka yakuache umekaa. Kila siku baada ya bamvua maji yanapungua kimo, na jahazi lililokwama nusu njia litakuwa pambo la ufuo wiki mbili, watoto wakichezea usukani na wapita njia wakikupa ushauri bila malipo.

Likishaelea, litie nanga karibu. Usipakie. Hata gunia moja la mchanga, hata shangazi yako anayetaka kupelekwa Manda mara moja tu. Chukua upo, kile chombo cha kukumbia maji, uhakikishe ni kizima na kina mshikio. Chukua kipande cha mkaa uchore mstari kwenye taruma la ngamani, pale maji yalipofika saa moja jioni. Kisha lala humo.

Ndiyo, wewe. Usimwachie baharia wala kijana wa jirani uliyemwahidi soda. Hiki ndicho kinachokimbiwa na wenye vyombo wote ninaowajua: watalipa mchoraji, watalipa mashine, watabishana na fundi mpaka jua litue, kisha usiku wa maana kuliko yote watalala kitandani kwao na kumwachia jahazi mtoto wa watu anayesinzia. Kumba maji. Amka saa sita, chora mstari mwingine, kumba. Amka saa tisa, chora, kumba. Usiku wa pili vivyo hivyo. Mistari itakwambia kila kitu, nayo haina sababu ya kukufurahisha.

Ikiwa kila mstari unashuka chini ya uliotangulia, chombo kinakunywa na kushiba. Usiku wa tatu utaweza kulala, na siku ya nne upakie. Ikiwa mistari imekaa pale pale, au inapanda, usijidanganye kwamba kesho itabadilika. Rudi kwenye magadi. Bamvua nyingine ni baada ya wiki mbili, fundi yupo pale pale, na bei yake imepanda.